Uzi: Pakiti nne za kahawa zilizofunguliwa wiki hii (Kilimanjaro, Mbinga, Karagwe na ya kupimiwa sokoni)

#1 MtwangaBuni, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum wanabaraza. Pakiti nne zimefunguliwa Jumamosi na kuonjwa pamoja, meza moja. Naweka namna ilivyofanywa na kilichopatikana. Mwenye kukosoa akosoe.

A: Kilimanjaro, arabika, daraja la AA, imeoshwa (nyama ya tunda imetolewa kwa maji kabla ya kukaushwa), imekaangwa wastani, siku ya 9 tangu kukaangwa.
B: Mbinga, arabika, PB (tunda lililobeba punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa), imeoshwa, imekaangwa kidogo, siku ya 15.
C: Karagwe, robusta, imekaushwa juani na ganda lake, imekaangwa hadi karibu na nyeusi, siku ya 12.
D: ya kupimiwa sokoni, imeshasagwa, nyeusi inayong'aa mafuta. Haina tarehe wala jina la shamba.

Kipimo ni gramu 11 kwa mililita 200, yaani gramu 55 kwa lita, ndicho wanachotumia waonjaji wa kazi. Bilauri tatu kwa kila kahawa. A, B na C zimetwangwa kwenye kinu. Maji ya bomba yamechemka, yakaachwa yashuke hadi nyuzi 93, yakamiminwa juu ya unga mkavu na kuachwa dakika 4 bila kuguswa. Unga hupanda ukafanya utando mzito juu. Utando huvunjwa kwa mgongo wa kijiko, unausukuma mara tatu, pua ikiwa karibu kugusa bilauri, maana harufu yote hutoka papo hapo. Kisha povu huenguliwa kwa vijiko viwili. Kuonja kumeanza dakika ya 10, kwa kijiko cha supu, kuvuta kwa nguvu mpaka mlio usikike, ili kahawa itawanyike mdomo mzima na mvuke upande puani.

Matokeo:

A: harufu ya ganda la chungwa ilipovunjwa, nzuri sana. Mdomoni sivyo. Ugwadu haupo, imebaki kama chai iliyolala, na utamu wa sukari guru kwa mbali.
B: nyasi mbichi, njugu zisizokaangwa zikaiva, ukakasi wa ndizi mbichi pembeni mwa ulimi.
C: nzito, inajaza mdomo. Mkate uliobabuka, kakao, uchungu unaokaa muda mrefu. Bilauri moja kati ya tatu ilinuka gunia lenye ukungu.
D: moshi na majivu. Ikipoa haina kitu.

Mpangilio wangu: C, A, D, B. Swali: hivi kweli robusta ya Karagwe inaipiga AA ya Kilimanjaro, au kuna nilichokosea?

#2 Bi_Mdila, Ng'ambo

Wa alaykum salaam. Ulichokosea ni kuionja kahawa kama mgonjwa anayeonja dawa. Kahawa ya huku inaonjwa kutoka kwenye mdila, na tangawizi yake, kwenye kikombe kidogo. Hiyo C imeshinda kwa sababu ndiyo kahawa chungu yenyewe.

#3 FundiMaji, Fuoni

Mleta uzi, umeandika "maji ya bomba" ukapita haraka, na hapo ndipo jibu lako lilipo.

Maji mengi ya Unguja hutoka kwenye mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni chokaa, kwa hiyo maji yanabeba kalsiamu na bikaboneti. Chungulia ndani ya birika lako la umeme, ule ukoko mweupe chini ndio ushahidi. Kalsiamu si adui, tena inasaidia kutoa ladha kwenye unga. Adui wa arabika ni bikaboneti, kwa sababu inaua asidi. Kahawa kama A thamani yake yote iko kwenye ugwadu. Ukiimwagia maji yenye bikaboneti nyingi, asidi inazimwa kabla haijafika mdomoni, ndiyo maana pua imesikia chungwa na ulimi usilione. Robusta haikuwa na ugwadu wa kupoteza, basi imebaki na uzito wake na imeonekana mshindi. Umeshindanisha maji, hukushindanisha kahawa.

La kufanya, kwa wepesi wake:

Chemsha maji ya bomba dakika 10 kamili, yaache yatulie mpaka yapoe, kisha mimina ya juu taratibu na uache machicha meupe chini. Kuchemsha kunaangusha sehemu kubwa ya bikaboneti pamoja na chokaa. Yachemshe upya wakati wa kuonja.

Kama kisima chenu kina chumvi, hiyo njia isahau. Chumvi haichemki ikaondoka, maji yanapungua na chumvi inazidi kukolea. Tumia ya chupa, na usome karatasi: tafuta bikaboneti kama miligramu 50 kwa lita. Chini ya 100 bado inafaa.

Maji ya mvua ya tangi peke yake pia hayafai, ingawa watu huyasifu. Hayana madini kabisa, kahawa hutoka kali na nyembamba. Yachanganye nusu kwa nusu na ya bomba yaliyochemshwa na kuchujwa kama nilivyosema, onja, kisha uongeze upande unaotaka.

#4 KijikoChaSupu

Maji sawa, lakini kuna hesabu haijakaa vizuri. Bilauri 12 mara mililita 200 ni lita 2.4. Birika la umeme la kawaida linabeba lita 1.7. Kwa hiyo umechemsha mara mbili, na bilauri za mwisho zimepata maji mengine, joto jingine, na dakika 4 zake zimeanza nyuma ya wenzake. Ulipoanza kuonja dakika ya 10 ya A, D ilikuwa dakika ya ngapi?

Onja pakiti mbili kwa mkupuo: bilauri 6, lita 1.2, birika moja linatosha na linabaki la kuoshea vijiko. Zipashe bilauri moto kwanza na uzikaushe, kioo baridi kinakula nyuzi kadhaa papo hapo.

La pili, ulijua ipi ni ipi. Mwenye kusoma "AA" kwenye pakiti tayari ulimi wake umeshaambiwa cha kusema. Na AA si daraja la ladha! Ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekecheo namba 18, yaani milimita 7 na kidogo. Punje kubwa iliyokaushwa vibaya bado ni AA.

Ukitaka kujua kama kweli unazitofautisha, panga bilauri tatu: mbili za kahawa moja, moja ya nyingine. Mtu mwingine amimine, aandike namba chini ya bilauri, nawe umtafute mgeni kati ya watatu. Rudia mara 6. Kwa kubahatisha tu utapata 2. Ukipata 5 au zaidi, uwezekano wa kuwa ni bahati haufiki 2 katika 100. Ukipata 3, nyamaza kuhusu chungwa na sukari guru.

#5 MtwangaBuni

Laa, umenishika. D ilimiminiwa mwisho, karibu dakika 7 nyuma ya A. Na kumimina nilimimina mwenyewe.

#6 Chekecheo, Chake Chake

Mimi nashika kinu. Kinu kinatoa vitu viwili kwa pamoja: vumbi na mabonge. Vumbi linatoa kila kitu ndani ya dakika moja kisha linaendelea kutoa uchungu; mabonge yanatoa ugwadu wa mwanzo tu na utamu unabaki ndani. Vyote viko bilauri moja, kwa hiyo unapata kahawa chungu na kali kwa wakati mmoja, nawe unailaumu pakiti.

Asiye na mashine ya kusagia afanye hivi. Twanga gramu 15 kwa mara, isizidi, kwa mapigo mafupi ya kushuka, usisokote mchi. Kila mapigo 10 mimina kwenye chujio la chai la waya na utikise. Kinachopita mwanzo ni vumbi, kiweke kando kwa ajili ya mdila. Kinachobaki kirudishe kinuni mpaka kiwe kama chembe za sukari ya kawaida au zaidi kidogo. Pima gramu 11 BAADA ya kuchuja.

Na kinu kilichotwanga kitunguu thaumu kisikaribie kazi hii. Mbao haisahau. Hata cha kahawa peke yake, kabla ya kuhamia pakiti nyingine twanga gramu 5 za hiyo mpya uzitupe, ndipo uanze.

Mwenye mashine ya mkono aangalie meno. Yale ya chuma bapa ya bei rahisi yanayumba, unga unatoka kama wa kinu tu. Ya kauri au chuma yenye umbo la koni yanatulia.

#7 BuniMbichi, Wete

B yako siioni kosa la maji wala kinu. Nyasi, njugu mbichi na ukakasi ni dalili za buni iliyokaangwa nje ikabaki mbichi ndani. Vunja punje kwa kucha: ikiwa moyo wa ndani una rangi nyepesi kuliko nje, basi ndiyo hiyo. PB inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ni ya mviringo, inabiringika vizuri lakini ni nene, joto linachelewa kufika katikati. Mkaangaji akitumia moto uleule wa punje bapa na kuitoa kwa kutazama rangi, amekwisha. Haiponi kwa kuirudisha motoni, itakauka tu.

Kwa wanaokaanga nyumbani, gramu 200 za buni mbichi kwenye kikaango kizito, moto wa kati, mwiko wa mbao bila kusimama:

Dakika 4 au 5 za mwanzo zinanuka majani makavu na kugeuka njano. Usiharakishe hapa. Baadaye inanuka mkate. Karibu na dakika ya 9 au 10 inaanza kupasuka, sauti kama bisi. Ikianza kupasuka punguza moto, usizime, na uendelee dakika 2 hadi 3 kwa kahawa ya kuonja. Ukiacha mpaka mpasuko wa pili, ule mdogo wa haraka kama kuni mbichi, mafuta yanaanza kutoka juu, na kuanzia hapo unaonja moto zaidi kuliko shamba. Mimina kwenye ungo na upepete hadi ipoe ndani ya dakika 4. Makapi yanaruka yenyewe, fanya nje. Pima tena: gramu 168 hadi 172 ni sawa. Ikibaki 180 bado mbichi. Ikishuka chini ya 160 umeshafika kwenye mkaa.

Kabla ya kuihifadhi chagua punje zilizobaki na rangi hafifu baada ya wenzake kuiva. Hizo zilichumwa changa, hazina sukari ya kuzifanya zigeuke. Punje 3 tu katika bilauri zinatosha kuleta ladha ya karatasi.

Gunia lenye ukungu kwenye bilauri moja ya C: hiyo ni punje moja au mbili zilizokaushwa chini kwenye udongo, au tabaka nene lisilogeuzwa. Ndiyo faida ya bilauri tatu. Ingekuwa moja ungesema Karagwe yote inanuka.

#8 Mzee_wa_Malindi

Kwa faida ya vijana: kwa Waarabu wa kale neno *qahwa* lilikuwa moja ya majina ya mvinyo kabla halijahamia kwenye buni. Basi hayo ya kuzungusha bilauri, kunusa na kubishana yana asili yake.

Ila nawakumbusha ulimi. Aliyetafuna tambuu leo asionje, chokaa na popoo vinaacha ukakasi mpaka jioni. Karafuu ndiyo balaa zaidi kwa Wapemba, mafuta yake yanatia ganzi ulimi, na wenye kuichambua wana harufu yake vidoleni. Haluwa kabla ya kuonja inafanya kila kahawa ionekane kali. Haluwa ije baada. Katikati ya bilauri na bilauri, maji ya vuguvugu na kipande cha boflo kikavu, basi. Na nyumba isifukizwe udi siku hiyo. Mume na mke wanaweza kugombana, lakini kahawa na udi haviwezi kukaa chumba kimoja.

#9 KijikoChaSupu

Hapo kwenye udi nakubali mikono miwili. Tena pakiti iliyofunguliwa inaunyonya, hata ikiwa kabatini.

#10 Bi_Mdila

Mmeandika weee, na hakuna aliyejibu la mdila. Haya, nami niweke vipimo ili msiseme ni maneno ya barazani.

Maji lita 1. Tangawizi mbichi gramu 10 iliyopondwa, ichemke na maji dakika 5 kabla kahawa haijaingia. Ukiitia mwisho inabaki kali ya juujuu na haichanganyiki. Kahawa gramu 60, robusta, laini kuliko ya kuonja lakini isiwe vumbi. Itie, na povu likipanda utoe mdila kwenye seredani, lishuke, urudishe. Mara tatu. Iliki punje 6 zilizofunuliwa (si unga, unga unaelea na kukwama kooni) ziingie kwenye mpando wa tatu. Toa, nyunyiza vijiko viwili vya maji ya baridi, subiri dakika 5 machicha yazame, kisha hamishia birika jingine.

Hilo la kuhamisha ndilo wengi wanalikwepa. Ukiiacha juu ya machicha inaendelea kutoa uchungu. Na ukiiacha juu ya makaa zaidi ya saa, hata isipochemka, inageuka chachu kwa ubaya, ile chachu inayokwaruza koo. Wanaongeza kahawa mpya juu ya ya zamani wakidhani imepungua nguvu, kumbe imeharibika.

Sasa, arabika yenu ya chungwa itieni humo. Mpando wa pili harufu yote imekwenda na upepo, na tangawizi imemaliza iliyobaki. Kwa mdila, C ni ya kwanza hata maji yawe ya mbinguni.

#11 FundiMaji

Bi Mdila, hapo hatugombani. Tena maji yetu magumu yanaifaa robusta ya mdila, yanaulainisha ukali. Ninachosema, mtu asiiite A mbovu kwa kuipima katika maji yanayofaa C.

#12 Nahodha_wa_Mkokotoni

Swali la mtu wa kawaida. Mnaonja usiku baada ya Isha, mnalala saa ngapi?

#13 KijikoChaSupu

Tunatema. Arabika ina kafeini kama asilimia 1.2, robusta kama 2.2. Gramu 11 za robusta ni karibu miligramu 240 kwa bilauri. Ukimeza tatu za C peke yake umeingiza zaidi ya 700, moyo utakwenda mbio mpaka alfajiri. Weka kopo pembeni, onja, tema, bila haya. Kwa kazi ya bilauri 6 kijiko cha kumeza kimoja kwa kila moja kinatosha, cha mwisho, ikiwa imepoa, kujua ladha inayobaki kooni.

Na muingoje ipoe, msikimbie. Moto unaficha kasoro. Onja dakika ya 10, ya 18 na ya 30. Kahawa nzuri ikifika joto la mwili inazidi utamu, mbovu inajitangaza.

#14 Chekecheo

D bado haijazungumzwa. Kwanza haikuwa haki kuishindanisha: imesagwa siku isiyojulikana, na unga unapoteza harufu kwa dakika, si kwa wiki. Pili, kwa ya kupimiwa, angalia kama ni kahawa tupu. Bilauri ya maji ya BARIDI, nyunyiza kijiko cha chai juu, usikoroge, tazama nusu dakika. Kahawa huelea kwa sababu ya mafuta na gesi, na rangi hushuka polepole. Mahindi ya kukaanga au chikori huzama upesi na kuacha mkia wa kahawia ukiteremka. Ukingoja dakika 10 jaribio limeharibika, maana hata kahawa safi ikilowa huzama.

Hifadhi, kwa kuwa masika iko njiani: hewa yetu ina unyevu mwingi, na punje iliyokaangwa ni kavu mno, inauvuta. Chupa ya kioo yenye mpira kwenye kifuniko, ndogo kiasi cha kujaa, mahali pa giza. Friji hapana, kila ukiifungua inatoka jasho ndani. Anayetaka kuweka miezi agawe gramu 30 kwa kifuko, akamue hewa, atie kwenye jokofu la kugandisha, na akitoa kifuko asikifungue mpaka kiwe na joto la chumba. Usivirudishe.

#15 MtwangaBuni

Nimerudi na duru ya pili. Maji: ya bomba yaliyochemshwa dakika 10, yakatulia, nusu kwa nusu na ya mvua. Vumbi limechujwa. Bilauri 6 kwa mkupuo, mmiminaji mwingine, namba chini.

A dhidi ya C: A imegeuka kabisa. Dakika ya 10 balungi, ya 18 balungi na sukari guru, ya 30 tamu kama maji ya zabibu kavu. C ileile, ila uchungu umekuwa na makali zaidi, FundiMaji umesema kweli. Safari hii hakuna bilauri yenye ukungu.

A dhidi ya B: B bado nyasi. Nimevunja punje, ndani ni nyepesi kuliko nje, BuniMbichi hukukosea. Nilichokuta punje hafifu kwenye gramu 33 ni 7.

Watatu-watatu, A na C: 6 kwa 6, hiyo hata mtoto ataipata. A na B: 5 kwa 6.

D kwenye maji baridi: imeelea, lakini mikia miwili mitatu imeshuka kabla ya sekunde 20. Sijui nisemeje.

Mpangilio mpya: A, C, B. D nimeitoa. Na vumbi la C lote nimelitia mdilani kwa vipimo vya Bi Mdila.

#16 Bi_Mdila

Na umeona nini?

#17 MtwangaBuni

Birika tupu, bi mkubwa. Ila gramu 60 za vumbi ni nyingi, machicha hayakuzama hata baada ya vijiko viwili vya baridi.

#18 Bi_Mdila

Kwa vumbi tia 45, na usubiri dakika 8.